Mgeni Aliyerudisha Mlango

Siku niliyokabidhi nyundo yangu, mhandisi kijana aliyekuwa akinisainisha karatasi aliniuliza kama nina neno la kuwaachia vijana wa njia. Nilimjibu sina, nikapanda gari kuja Mikumi. Ilinichukua wiki mbili za kukaa kibarazani, nikisikiliza malori ya Iringa badala ya treni, ndipo maneno yakaanza kuja, yamechelewa kama vitu vingi kazini kwetu. Basi naandika. Habari za vyeo na mshahara naziruka, kwa sababu vyote viwili vilikuwa na tabia ya kuniruka mimi.

Nilianza Kimamba, kwenye genge la njia, nikiwa na miaka ishirini na moja na viatu vya kuazima. Kwa asiyejua, genge la njia ni wale watu wa kutengeneza reli ambao treni ikipita unawaona wamesimama pembeni na mitaimbo yao, wamekaza macho. Abiria huwapungia mkono wakidhani wanatazamwa wao. Sisi tunatazama magurudumu.

Asubuhi hiyo ya kwanza ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya zamani ya mkonge. Reli zilitoka kwenye ukungu na kuingia kwenye ukungu, nami nilisimama katikati nikiwa na hakika kwamba bado sijaamka. Mnyapara wetu alitokea humo, nyundo begani, mtu mfupi mwenye koti la mvua lililokatwa mikono. Huyo ndiye Mzee Banzi, ingawa wakati ule hakuwa bado na mvi hata moja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Genge zima likacheka. Banzi alikuwa Mluguru, na Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Vijana wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Utani ni sheria. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kula chakula chako, kuchukua kofia yako kichwani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Palepale alininyang'anya kiporo changu cha mihogo, akanitwisha kichwani sanduku la boliti.

"Mnyamwezi amezaliwa na mzigo kichwani," aliwaambia wenzake. "Tukimnyima tutakuwa tumemwonea."

"Na ninyi Waluguru mmezoea kulima ukutani huko milimani kwenu," nikamjibu, "ndiyo maana hapa kwenye tambarare mnatembea upande."

Alicheka mpaka akakaa kwenye reli. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake na mtani wake. Nilimwamkia asubuhi kwa heshima zote, kisha nikamtukana mpaka jioni.

Alinifundisha kutembea. Mnaweza kucheka, lakini mtu hajui kutembea mpaka atembee juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Yamekaribiana mno kwa hatua moja na yameachana mno kwa nusu hatua, na anayebishana nayo huishia kuteguka. Ukikubali hatua yao, baada ya saa moja miguu inakwenda yenyewe na kichwa kinabaki huru kuwaza. Nimewaza mambo mengi sana juu ya mataruma. Alinifundisha pia nyundo: gonga boliti usikilize. Iliyokaza inajibu kwa sauti fupi, na iliyolegea inanung'unika.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa maji. Masika moja tulisimama kwenye kalvati, mfereji wa kupitisha maji chini ya reli, na chini ya tuta la udongo linalobeba njia maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye udongo. Mimi nikashtuka. Yeye akachuchumaa, akakinga kiganja, akanionyesha.

"Unaona? Maji masafi. Hapo tuta linatoa jasho, kama mtu yeyote anayefanya kazi. Liache. Siku ukiona yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue udongo wa ndani unaondoka. Hapo usitafute bendera ya kusimamisha treni, usiandike ripoti. Ondoa watu."

Hilo ndilo jambo moja ninalotaka mlikariri katika haya yote. Mengine someni kwa starehe.

Miaka ya katikati nilihamishiwa njia ya kuja huku Mikumi, ile ya kupitia mbugani. Ilikuwa kazi ya kinjozi. Treni zilikuwa chache, nyasi zikaota katikati ya reli, na twiga walitoka msituni kututazama tukibadilisha taruma, wanatafuna taratibu kama wasimamizi waliotumwa na ofisi. Mchana mmoja tulimkuta tembo mkubwa amesimama juu ya njia, amelala hivyohivyo amesimama, masikio yakipepea kidogo kwa upepo. Tukakaa kwenye kokoto kumsubiri. Jua likatembea, vivuli vikatembea. Alipoamka aliondoka bila kututazama. Kwenye ripoti niliandika "kizuizi", kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya zaidi.

Nikiwa huko ndipo mto Mkondoa ulipokula njia Kidete, na Banzi akapewa kazi ya kulijenga upya tuta. Alilijenga kiangazi kizima. Aliwachagulia watu mawe mlimani kwa mkono wake, akala hapo, akalala hapo. Njia ilipofunguliwa alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Wenzake walipostaafu walirudi kwao, yeye akanunua kiwanja palepale Kidete, chini ya tuta lake, akajenga nyumba ya vyumba viwili, mlango ukilitazama. Mke wake alipofariki, watoto walimwita Kilosa kwa bintiye mkubwa. Hakwenda. Asubuhi alikuwa anatoka na kikombe cha chai, anaketi mlangoni, analitazama tuta kama wengine wanavyotazama ng'ombe wao. Wakati huo mimi nimerudi njia kuu, ndimi mnyapara wa Kidete, na kila nikipita juu alinipigia kelele kwamba nyundo naishika kama mwiko.

Sasa nifike kwenye ile wiki.

Mafuriko ya Kidete yana uongo ndani yake. Mvua inanyesha Mpwapwa huko, kwenu jua linawaka na nguo zimeanikwa, halafu mto unakuja. Safari hii ulikuja siku mbili mfululizo bila kurudi nyuma. Treni zilisimamishwa. Ukimya wa njia isiyo na treni ni kitu cha ajabu kwa mtu wa reli. Nilikuwa naamka alfajiri nikidhani nimekuwa kiziwi. Mahindi mabichi yalipita mtoni yamesimama wima na mizizi yake, shamba zima likisafiri. Nilimwona jogoo juu ya paa la makuti, paa limetulia juu ya maji, linashuka kuelekea Kilosa bila haraka, na jogoo anawika kila kona kama anataja stesheni.

Maji yalipanda mpaka yakawa sawa na kokoto. Nawaomba mlione hili vizuri. Nikisimama kwenye njia, upande wa kulia mto ulikuwa karibu na vidole vyangu vya miguu, na upande wa kushoto, chini kabisa, paa la nyumba ya Mzee Banzi lilikuwa sawa na nyayo zangu. Katikati ya mto na paa hilo kulikuwa na tuta tu. Nyuma ya nyumba, mashamba yalishajaa maji ya mvua mpaka kifuani, kwa hiyo njia pekee ya kutoka kwake ilikuwa kupanda tuta lenyewe na kutembea juu ya reli nusu saa mpaka stesheni. Majirani zake wote walikuwa wameshapita huko kwenda shule ya msingi iliyo mlimani. Yeye alibaki.

Katika hali hiyo tuliletewa Tiago. Alikuwa mmisionari kijana, Mbrazili wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa na miezi michache tu kwenye kanisa moja hapa Mikumi. Waumini walikusanya unga na mablanketi, lori likafika Kilosa, na kutoka Kilosa tukampakia kwenye trole yetu, kile kigari cha kukagulia reli, pamoja na magunia. Aliomba wiki moja ya kuhudumu. Alishuka Kidete na shati jeupe, akaanza kumwamkia kila mtu. Alimwamkia mwenyekiti wa kijiji, akawaamkia Wasukuma waliokuwa wamepandisha ng'ombe wao mlimani, akamwamkia na binti wa miaka saba aliyebeba mdogo wake mgongoni.

"Marahaba," binti akajibu bila kucheka, akaenda zake.

Kijana alifanya kazi. Hilo nalisema kwa sababu nimeona wageni wengi wa mafuriko ambao kazi yao ni kupigwa picha. Alichimba vyoo na wanaume, akakoroga uji na Mama Rehema, mwanamke aliyekuwa ameshika jiko lote la pale shuleni na ambaye hata diwani alimwogopa. Jioni aliomba ruhusa kwa shehe asali kidogo na wachache wa dini yake. Shehe alimwambia asali tu, maana maji hayakuuliza dini ya mtu.

Alipoambiwa kuna mzee amebaki chini ya tuta, alikwenda mwenyewe na uji kwenye kopo. Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mzee alimpa kigoda, akanywa uji, akamsimulia jiwe hili lilitoka wapi na jiwe lile lilitoka wapi. Kijana akamsihi, hata akapiga magoti. Mzee alimwinua taratibu, akamshukuru kwa uji.

Siku ya nne nikashuka mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniazima akili?"

"Nimekuja kukuchukua. Maji yako sawa na kokoto."

"Nayaona. Na chini yanatoka masafi. Umeangalia?"

Nilikuwa nimeangalia. Yalikuwa masafi, lakini yalichuruzika mahali pengi kuliko nilivyowahi kuona, na nikamwambia hivyo.

"Maganga," alisema, na hakuniita hivyo mara nyingi, "tuta hili nimelijenga mimi. Nikitoka leo, kijiji kizima kitasema Banzi mwenyewe haliamini. Sasa mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo abaki na nini?"

Niliogopa sana siku ile, nawaambia ukweli. Nilimwona anavyokaa pale mlangoni na kikombe chake, mwalimu wangu, na nikajua anakwenda kufa kwa sababu ya heshima. Kumbeba kwa nguvu tungeweza, wanaume wawili tu, kwani alikuwa mwepesi. Lakini mzee aliyebebwa kama gunia mbele ya watu aliowahi kuwaamuru, huyo umemwokoa nini?

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi si mwanafunzi wake tu.

Siku ya tano mchana, nikiwa na wenzangu wawili wa genge, nilishuka na bisibisi. Nilimwamkia, kisha bila neno nikaanza kufungua bawaba za mlango wake. Aliniangalia mpaka skrubu ya mwisho.

"Mtani, unafanya nini?"

"Nimeupenda mlango. Naupeleka shuleni nikalalie."

"Weka chini."

"Njoo uukomboe. Uje mwenyewe, na kuku mkononi."

Wenzangu walicheka, na yeye, nikaona mdomo unamcheza. Hiyo ndiyo sheria yenyewe. Mtani akichukua kitu chako, humtumi mtu wala humshtaki. Unakwenda mwenyewe kukidai, mnatukanana mbele ya watu, unatoa chochote, basi. Hakuna Mluguru hata mmoja ambaye angesema Banzi amekimbia tuta. Wangesema Banzi amekwenda kumkomesha Mnyamwezi. Na nyumba isiyo na mlango, masika, na nyoka wote wamepanda kutafuta pakavu, haikaliki.

"Wapagazi ninyi," alisema tulipokuwa tunapanda tuta. "Mkikosa mzigo mnaiba."

Tuliuegemeza ule mlango ukutani kwa darasa la kwanza, na watu waliufurahia sana. Jioni hakuja. Nikasema atakuja asubuhi, akishamaliza chai.

Kosa langu ndilo hili, na sijalipamba: sikumweleza Tiago. Lilikuwa jambo la wazi mno kwetu, hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kulitazama asilijue. Yeye aliona mlango umeegemea ukuta na wanaume wazima wanaupiga makofi na kucheka. Akamuuliza yule binti wa miaka saba ni mlango wa nani.

"Wa Mzee Banzi," binti akamwambia. "Mzee Maganga kauiba."

Ulikuwa ukweli mtupu. Na kijana, kwa adabu zake, hakutaka kumwaibisha mtu mzima aliyemlea kwa siku tano. Alingoja. Siku ya sita asubuhi nilipokwenda na trole kukagua upande wa Kilosa, alijitwika mlango kichwani, akatembea nao juu ya tuta kumrudishia mwenyewe.

Niliporudi, Mama Rehema alikuwa anaosha masufuria.

"Mlango uko wapi?" nikamuuliza.

"Mzungu wako kaondoka nao. Nilimwita hakusikia, umemfunika kichwa chote."

Kila mnyapara aliyewahi kunifundisha, na kila kijana niliyemfundisha, anajua kwamba hatukimbii juu ya mataruma. Nilikimbia. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, mwembamba, na mto kulia kwangu ulikuwa umenyooka, hauna sauti wala mawimbi, unang'aa kama bati jipya. Sikuona mwisho wa njia. Nilikuwa nasikia pumzi zangu tu, na kwa muda fulani, sijui kwa nini, nilidhani nipo Kimamba na nimechelewa siku yangu ya kwanza.

Yaliyotokea nyumbani kwa Mzee Banzi alinisimulia Tiago baadaye, na yaliyobaki aliniambia mzee mwenyewe. Kijana alipofika alimkuta mzee amesimama uwanjani. Amevaa koti, amevaa viatu, amekamata jogoo wake kwapani. Alikuwa anakuja. Sekunde chache zaidi angekuwa juu ya tuta anakuja kunitukana. Kijana akautua mlango mbele yake, akamwomba msamaha kwa niaba yetu sote.

Mzee aliniambia kwamba alimtazama kijana, akautazama mlango, akamwachilia jogoo aende zake. Angesema nini? Mlango umerudi. Sababu ya kutoka imekwisha. Na mgeni ametembea nusu saa na mbao kichwani kwa kumpenda, humwambii mtu kama huyo kwamba amekosea. Akavua koti. Akashika mlango kwa bega, na kijana akaanza kufunga skrubu.

Walifunga bawaba ya juu. Walikuwa wanaongea na kucheka, kijana akiuliza neno la kila kitu. Mzee alikuwa ametazama tuta, kama kawaida yake, na maji yakichuruzika chini ya mawe aliyoyachagua mwenyewe. Akayaona yanabadilika rangi.

Alisema nini, nilimuuliza Tiago mara nyingi, na mara zote jibu lake lilikuwa moja. Mzee hakutaja tuta. Hakutaja maji. Alivaa koti lake, akasema, "Haya baba, twende nikusindikize."

"Mzee, imebaki bawaba moja," kijana akamwambia.

"Moja inatosha. Kwetu mgeni haondoki peke yake."

Akamshika mkono, wakapanda. Juu, kokoto zilishaanza kulegea chini ya miguu, na mzee alijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani maana yake. Kijana alitaka kuharakisha kwa sababu ya baridi.

"Usikimbie," mzee akamwambia. "Kanyaga taruma moja moja. Nisimulie habari za mama yako."

Tiago akamsimulia. Alimwambia mama yake anashona nguo za maharusi, kwamba mtaani kwao nako kuna mto, kwamba alimwandalia sanduku huku akimgombeza. Mzee aliuliza maswali. Anashona kwa mkono au kwa cherehani? Ana ndugu? Baba yupo? Ndivyo nilivyowaona wakitoka kwenye ukungu, wameshikana mikono, mfupi mbele na mrefu nyuma, mrefu anaongea. Mahali kama umbali wa nguzo tatu za simu nyuma yao, tuta likaondoka.

Kwanza halikuwa na sauti. Reli zilishuka kidogo, zikabaki zinaning'inia na mataruma yake hewani, na chini yake mto ukageuka kushoto kama ng'ombe wanaoingia zizini. Sauti ilikuja baadaye. Paa la nyumba lilisimama kidogo, likazunguka, likaenda. Tiago aligeuka akapiga yowe. Mzee Banzi hakugeuka. Alimshika mkono kwa nguvu zaidi, akaendelea kutembea hatua ileile mpaka wakanifikia.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya reli. Maneno yote yalinitoka, likabaki moja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akasema. "Namsindikiza mgeni." Akanipita.

Pale shuleni watu walimpokea kwa kelele, na kila aliyempa pole alijibiwa hilohilo, kwamba yeye amemsindikiza mgeni. Hakuna aliyebisha. Mama Rehema alimpa uji.

Siku ya saba, siku ya Tiago kuondoka, kijana alinivuta pembeni. Mtu mmoja alikuwa ameshamweleza utani. Macho yalikuwa mekundu.

"Mzee Maganga, nilikosea kuhusu mlango?"

"Ulikosea sana," nikamwambia, kwani sikuona faida ya kumdanganya. "Nusura umuue. Halafu ukamtoa. Mimi mlango niliuiba kwa akili zangu zote, na ilimchukua usiku mzima kuamua kuja. Wewe ulikuwa mgeni tu, na ikatosha."

Alilia, nami nikamshika bega. Tulipomsogeza kwenye trole kumpeleka Kilosa, tulimkuta Mzee Banzi ameshapanda, ameketi kwenye magunia matupu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Unakwenda wapi, mtani?" nikamuuliza.

"Umesahau? Nina mgeni."

Alimsindikiza mpaka Kilosa, mpaka kwenye gari la Mikumi, mpaka gari likapotea kwenye kona. Kisha akaenda kwa bintiye, akaketi, na hakurudi Kidete tena. Tuta jipya tulilijenga na wahandisi wa mitambo mikubwa, na nilipomtembelea hakuniuliza habari zake hata siku moja. Nami sikumwambia. Tuliendelea kutukanana kuhusu mihogo, mizigo, milima na wake zetu. Kuhusu tuta, mdomo wangu ulikuwa mzito. Ni mimi peke yangu niliyekuwa na ruhusa ya kulicheka, nikaogopa kuitumia.

Alifariki mwaka jana, miezi michache kabla sijastaafu. Tulimzika Kilosa. Mnaojua misiba yetu mnajua kazi ya mtani: anaziba njia ya jeneza, ananyang'anya koleo, anamsema marehemu mpaka wafiwa wapate kucheka. Waluguru walikuwa wamejaa makaburini, wananingoja mimi. Nilijua wanangoja nini. Walikuwa wanataka nilitaje tuta, kwa sababu jambo lisilochekwa mtu akiwa hai linabaki jiwe kifuani mwa watu wake.

Nikanyakua koleo kwa mwanawe, nikapanda juu ya kifusi.

"Ninyi Waluguru mnamlilia nini mtu huyu?" nikawauliza. "Hamumjui. Mwongo mkubwa. Aliniaga Kidete mchana kweupe, akasema anamsindikiza mgeni mara moja. Tuta lake likamngoja, likamngoja, likachoka, likaondoka. Yeye mpaka leo hajarudi."

Walicheka. Wanawe walicheka wakishikana mabega, wazee walicheka, shehe alicheka ameziba mdomo kwa kanzu. Nikatupa udongo wa kwanza. Wa pili ulinishinda, nikakaa palepale kwenye kifusi na koleo mapajani, nikilia kwa sauti. Mila hairuhusu mtani alie msibani. Waluguru walinitazama, wakageuza nyuso zao pembeni, wakaniacha.